Mgeni Aliyevuka Mto: Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki na Deni la Walutheri wa Karagwe na Kyerwa

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika



Msomaji atakayekifungua kitabu hiki cha jubilei huenda akashangaa kukuta humo mada juu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki. Mpiga chapa hakukosea. Historia ya usharika wa mpakani haiwezi kuandikwa kwa orodha ya wachungaji na tarehe za kuezeka kanisa peke yake. Katika miaka hii 100 Mto Kagera umevukwa mara nyingi na watu waliokimbia, na kila walipovuka, makanisa ya upande huu yaliulizwa swali moja: mtu huyu ana haki gani mbele ya Mkristo? Wakatoliki wamelijibu swali hilo kwa maandishi, hatua kwa hatua, kwa muda mrefu. Walutheri wa Karagwe wamelijibu zaidi kwa mikono, yaani kwa unga, mablanketi, dawa na maji safi. Kazi ya mikono ilikuwa njema wala haifai kudharauliwa. Ila ilikuwapo miaka ambayo mikono haikutosha, yakahitajika maneno, na maneno yakawa haba.

MAKANISA YALIYOZALIWA SAFARINI

Wakristo wa Kagera husahau upesi kwamba makanisa yao yaliletwa na watu waliohama. Mwezi Januari 1892 vilipiganwa vita huko Mengo, Buganda, kati ya Wakristo wa Kiprotestanti na Wakristo wa Kikatoliki. Upande wa Wakatoliki ulishindwa. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alikimbia pamoja na waamini wake, akaingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na kabla mwaka haujaisha wakaanzisha misheni ya Kashozi, ambayo Wakatoliki wa mkoa huu huihesabu kuwa chimbuko lao. Kwa maneno mengine, Kanisa Katoliki la Kagera lilianzishwa na wakimbizi, tena wakimbizi waliofukuzwa na Waprotestanti. Jambo hili halitajwi sana katika ibada za umoja wa Wakristo.

Kwa upande wa Kiinjili habari yafanana. Kabla ya mmisionari yeyote wa Betheli kukanyaga Bukoba, walikuwapo Wahaya waliojifunza kusoma huko Buganda, wakarudi na vitabu, wakawa wanakusanyika kuomba pasipo mchungaji. Ernst Johanssen alipofika Bukoba mwaka 1910 alikuta tayari kuna watu wanaomsubiri. Naye alitoka Rwanda, ambako Betheli ilikuwa imeanza kazi mwaka 1907. Injili ya Kiinjili basi iliingia kutoka kaskazini na kutoka magharibi, ikipita juu ya mipaka ambayo wakoloni walikuwa wameichora juzi tu.

Desturi ya kumpokea mgeni katika Karagwe ni ya zamani kuliko misheni zote mbili. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea Waingereza Speke na Grant katika ikulu yake ya Bweranyange. Grant alipougua mguu hata asiweze kusafiri, mwenzake aliendelea na safari ya Buganda, naye akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa akitunzwa. Mtu hakuulizwa karatasi. Aliulizwa habari za huko atokako, kama ilivyo adabu.

MGENI ALIYEPEWA JEMBE

Waswahili husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Serikali ya Tanganyika, na baadaye ya Tanzania, iliuchukua msemo huo kama sera. Baada ya machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959, Watutsi wengi walikimbilia upande huu. Baadhi yao walipewa ardhi Nkwenda na Kimuli, mahali ambapo siku hizi pako ndani ya Wilaya ya Kyerwa. Wengine walipelekwa Muyenzi katika Ngara, na wengine mbali zaidi, Mwesi katika Mpanda. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha shirika la TCRS kwa ajili ya kuhudumia wakimbizi nchini, likifanya kazi kwa mapatano na serikali pamoja na UNHCR. Walutheri wanaweza kuitaja kazi hiyo kwa shukrani.

Mwaka 1980 serikali iliwafungulia mlango wa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatendea wema wakimbizi. Mwalimu alikuwa Mkatoliki aliyesali kila siku, na siasa yake ya ugeni ilikuwa na harufu ya Kanisa lake. Karibu zaidi na hapa alikuwapo Christopher Mwoleka, Askofu wa Rulenge tangu 1969 hadi 1996, ambaye eneo lake lilizifikia parokia za Karagwe. Askofu huyo alikwenda kuishi na wakulima katika kijiji cha ujamaa, akafundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu limefunuliwa ili watu waige kuishi kwa kushirikiana, wala si ili walitegue kama kitendawili. Wengine walimcheka. Hata hivyo mafundisho yake ni dibaji nzuri ya yale yatakayoelezwa mbele.

Wenyeji wa Kagera nao walionja ukimbizi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, na maelfu ya wananchi walivuka kuelekea kusini wakiwa na watoto mgongoni, wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Wazee wenye umri wa kukumbuka hayo wangali hai, na hawahitaji kufundishwa maana ya kulala chini ya mgomba wa mtu mwingine.

MWAKA 1994

Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, habari ilifika Kagera kwa njia ya mto kabla ya kufika kwa redio kwa wengi. Maiti zilielea, zikashuka hadi Ziwa Viktoria. Watu waliacha kula samaki. Huko ng'ambo, katika parokia ya Nyarubuye isiyo mbali na mpaka, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo kanisani katikati ya mwezi huo.

Kisha walivuka walio hai. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walipita daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya moja na Kyerwa, ilipokea sehemu yake: Kagenyi, Chabalisa, Omukariro, na Rubwera, mahali ambapo baadaye pakawa makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa. Kambi hizo ziliwapokea wakimbizi zaidi ya laki moja. Kijiji kilicholala kikiwa na jirani anayejulikana kiliamka kikiwa pembeni ya mji wa maturubali ya buluu.

Yafaa kusema kweli pande zote. Mikungu ya ndizi ilikatwa usiku. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vipara kwa sababu kila jungu la maharage lilihitaji kuni. Palitokea ujambazi wa silaha. Upande mwingine, ndizi na maharage vilipata soko ambalo halikuwahi kuonekana, magari ya mashirika yalikodi nyumba, na vijana wenye elimu ya sekondari walipata ajira ya kwanza maishani mwao. Mzee mmoja na yule yule aliweza kulaani kambi asubuhi na kwenda kuiuzia kambi mchana. Hakuwa mnafiki, hali yenyewe ilikuwa hivyo.

Jambo gumu kuliko kuni lilikuwa hili: waliovuka hawakuwa wote watu wasio na hatia. Waliokuwa wamepanga na kutenda mauaji walivuka pamoja na wanawake, watoto na wazee, wakaendelea kuongoza ndani ya kambi, wakashika hata ugawaji wa chakula mahali pengine. Mkristo aliyegawa unga hakujua kama mkono ulionyooshwa ulikuwa umeshika panga wiki iliyotangulia. Je, alipaswa kuacha kugawa? Mahakama ya kimataifa iliyoundwa Novemba 1994, na kuwekwa Arusha, ilikuja kushughulikia baadhi ya wakubwa wao. Lakini mahakama haikuwapo siku ya kugawa unga.

YALE YALIYOANDIKWA ROMA

Hapa ndipo mafundisho ya Kanisa Katoliki yanaposaidia, kwa kuwa yalikwisha kuyatafakari mambo hayo kabla ya Benaco.

Mafundisho Jamii kwa kawaida huhesabiwa tangu mwaka 1891, Papa Leo XIII alipoandika waraka wa Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi. Kuhusu wahamaji, msingi wenyewe uliwekwa tarehe 1 Agosti 1952, Papa Pio XII alipotoa hati ya Exsul Familia. Ulaya ilikuwa imejaa watu waliong'olewa makwao na Vita Kuu ya Pili. Papa hakuanzia kwenye huruma wala kwenye sheria. Alianzia kwenye Mathayo sura ya 2: Yusufu, Mariamu na Mtoto wakikimbilia Misri usiku. Familia hiyo, alisema, ni kielelezo cha kila familia ya wakimbizi, ya taifa lolote na ya hali yoyote. Mlutheri anayesoma Biblia yake hana la kupinga hapo. Herode alikuwa serikali halali, mpaka ulivukwa bila kibali, na Misri haikumrudisha Mtoto.

Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII aliendeleza jambo hilo katika waraka wa Pacem in Terris, akiuandikia ulimwengu wote wala si Wakatoliki peke yao. Alifundisha kwamba mtu kuwa raia wa nchi fulani hakumwondoi katika jamaa moja ya wanadamu, na kwamba mkimbizi anabaki na haki zake zote za kibinadamu hata kama nchi yake imemnyang'anya zile za uraia. Kwa hiyo haki za mkimbizi hazitoki kwa mwenyeji mwenye moyo mzuri. Zimo ndani yake kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwenyeji huzikuta, hazitungi. Kwa mtu wa Chabalisa maana yake ni kwamba anayegawa unga hafanyi fadhila, anarudisha kilicho cha mwenyewe. Na yule aliyeshika panga? Anabaki mtu, kwa hiyo alishwe. Anabaki mtu, kwa hiyo ashitakiwe, kwa maana mnyama hashitakiwi. Mambo hayo mawili hayapingani, ingawa mwaka 1994 yalionekana kupingana.

Si kweli kwamba Roma inazipuuza serikali. Katekisimo ya Kanisa Katoliki inakubali kwamba wenye mamlaka wanaweza kuwawekea wahamiaji masharti kwa ajili ya ustawi wa wote, na kwamba mgeni naye ana wajibu: azitii sheria za nchi, aheshimu mila zake, achangie mizigo yake. Papa Benedikto XVI alikumbusha kuwa kabla ya haki ya kuhama ipo haki ya kutolazimika kuhama, yaani mtu aweze kukaa kwao kwa amani. Kwa hiyo anayetaka kuyatumia mafundisho haya kama rungu la kuipigia serikali atakuta rungu lenyewe lina ncha mbili.

Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi ya mwaka 2018, aliyafupisha yote katika vitenzi vinne: kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, amevirudia katika andiko lake la Dilexi te la mwaka huo huo. Vitenzi hivyo ni kipimo kizuri, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kuulizwa peke yake. Karagwe ilipokea? Ndiyo, tena sana. Ililinda?

MWAKA 1996 NA MWAKA 2013

Tarehe 31 Machi 1995 serikali ilifunga mpaka. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda watarajiwe kuondoka kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo huo. Wengi waliogopa, wakaanza kukimbia kuelekea ndani ya nchi, jeshi likawageuza. Karibu nusu milioni walirudi kabla ya mwaka kwisha, wengi wao kwa miguu, katika mvua za Desemba. Amnesty International ilikosoa jinsi jambo hilo lilivyofanyika. Makanisa ya Kagera yalichosha mikono yake kwa miaka miwili na nusu, na inawezekana uchovu huo ndio sababu sauti zao zilikuwa ndogo. Noeli ya mwaka ule ilihubiriwa, kama kawaida, habari ya familia isiyopata nafasi katika nyumba ya wageni, huku kambi zikiwa tupu na moshi wa maturubali ungali unafuka.

Inaweza kusemwa, na ilisemwa, kwamba Rwanda ilikuwa imetulia na kwamba watu walipaswa kurudi kwao. Hoja hiyo ina uzito. Kurudi ni haki. Lakini kurudi chini ya bunduki kunaitwa kwa jina lingine, hata kama njia ni ile ile.

Mwaka 2013 ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu waliohusika hawakuwa kambini. Tarehe 29 Julai Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliagiza wahamiaji haramu waondoke ndani ya wiki mbili. Sababu zilikuwa za kweli: ujambazi wa kutumia silaha na makundi ya ng'ombe kutoka nje. Maelfu waliondoka wenyewe. Mwezi Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Pamoja na majambazi walikusanywa watu ambao Kiswahili cha kiofisi kinawaita wahamiaji walowezi: waliofika miaka ya sitini au sabini, au waliozaliwa hapa na wazazi wa namna hiyo, wenye wake au waume Watanzania, wenye mibuni waliyoipanda kwa mikono yao. Baba alivushwa Rusumo, mama akabaki na watoto. Baadhi waliosukumwa kwenda Rwanda hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwapokea kule.

Hao hawakuwa wageni kwa makanisa. Walikuwa na namba katika rejista za ubatizo, walitoa ahadi na sadaka, waliimba sauti ya tatu na ya nne. Katika vitenzi vinne vya Papa Fransisko wao walikuwa wameshafika kwenye cha nne, walikuwa wameshirikishwa. Kilichokosekana ni cha pili. Mtu anaweza kuketi katika benchi moja na mwenzake kwa miaka thelathini, wakala Meza moja ya Bwana, na siku ya kukusanywa benchi lisiseme neno. Baadaye serikali, ikisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, iliendesha uandikishaji wa walowezi ili hali yao ijulikane kisheria. Hilo lilikuwa jema, ingawa lilitangulia kufukuza kisha likafuata kuhesabu.

Wala mashaka ya uraia hayaishii kwa wanyonge. Mwaka 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara alihojiwa na Uhamiaji juu ya uraia wake. Ikiwa askofu anaweza kuulizwa, mlowezi wa Nkwenda atajibu nini?

UDHAIFU WA PANDE ZOTE MBILI

Isidhaniwe kwamba mada hii inamsifu jirani ili kumwaibisha mwenye nyumba. Nyarubuye ilikuwa parokia ya Kikatoliki. Nyaraka zote zilizotajwa hapo juu, isipokuwa zile za miaka ya karibuni, zilikuwa kwenye rafu za seminari za Rwanda mwaka 1994, na hazikuzuia panga. Maaskofu wa Rwanda waliomba radhi Novemba 2016 kwa ajili ya waamini wao walioshiriki, na Machi 2017 Papa Fransisko akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa. Fundisho lisilofika kwenye kigango ni karatasi.

Udhaifu wa Walutheri ni wa namna nyingine. Martin Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa mikono miwili: kwa Injili katika Kanisa, na kwa sheria katika serikali. Fundisho hilo limelikinga Kanisa lisitake kutawala kama kaisari. Lakini limetumiwa pia kama kisingizio: jambo likigusa mpaka, polisi au Uhamiaji, mchungaji husema ni la mkono wa pili, akafunga mlango wa ofisi. Luther mwenyewe hakuishia hapo. Katika Katekisimo Ndogo, ambayo kila kipaimara hukariri, amri ya tano haielezwi kama katazo la kuua tu. Inadai pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Mtoto wa miaka kumi na minne anaijua. Na mkono wa pili wa Mungu ukiwa ni mkono wa Mungu kweli, basi unaweza kuulizwa kwa heshima kama unafanya kazi ya Mungu.

Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lenyewe lilianzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947, wakati inasemekana Mlutheri mmoja katika kila sita duniani alikuwa mkimbizi. Tarehe 31 Oktoba 2016 Papa Fransisko alikwenda Lund kwa kumbukumbu ya Matengenezo, na siku hiyo hiyo, katika mji jirani wa Malmö, idara ya huduma ya Fungamano na Caritas Internationalis walitia sahihi tamko la kufanya kazi pamoja, wakimbizi wakiwa miongoni mwa mambo ya kwanza. Karagwe ina Dayosisi ya Kilutheri tangu 1979 na Jimbo Katoliki la Kayanga tangu 2008, ofisi zikiwa umbali wa kutembea kwa gari kwa muda mfupi tu. Malmö ni mbali zaidi.

YALIYOKO MEZANI

Kambi za Karagwe zilifungwa na miti imeota tena mahali pengi. Swali limebadilika sura, halikuondoka.

Kwanza ni kibarua. Wakati wa kuchuma kahawa na kupalilia migomba huingia watu kutoka Burundi na Rwanda kutafuta kazi. Husikika habari za mwenye shamba ambaye, siku ya malipo ikikaribia, huwaarifu wakubwa kwamba pale kuna mtu asiye na kibali; kibarua huondolewa na ujira hubaki mfukoni. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mhamaji asiwekwe chini ya wenzake katika haki za kazi, na kwamba uhitaji wake usifanywe njia ya kumnyonya. Yakobo katika sura ya tano amekwisha kusema ujira wa namna hiyo huwalilia akina nani. Mwenye shamba wa namna hiyo, ikiwa ni msharika, anastahili kutembelewa na wazee kama anavyotembelewa mlevi au mwenye nyumba ndogo. Wizi wa ujira haujawahi kuwekwa katika orodha ya makosa yanayomzuia mtu Mezani, na hakuna sababu ya kitheolojia inayoeleza kwa nini.

Pili ni mtoto wa mlowezi. Anamaliza shule, anahitaji kitambulisho cha Taifa, anaulizwa cheti cha kuzaliwa cha mzazi, mzazi hana. Katika uandikishaji wa kuchelewa wa vizazi, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo ambavyo huweza kupokelewa. Hapo ndipo ofisi ya usharika, bila kujua, inakuwa mlinzi wa mtu. Vitabu vya ubatizo vilivyoachwa vikaliwa na mchwa katika mitaa mingi vilikuwa ndiyo ulinzi pekee ambao baadhi ya watu hao wangeweza kuupata duniani.

Mwinjilisti hujaribiwa mara mbili. Mara moja huombwa aandike mahali pa kuzaliwa pasipo pa kweli ili kumwokoa mtu. Asiandike, kitabu kikishikwa na uongo mmoja, kweli zote zilizomo hazitaaminiwa tena, na watakaoumia ni wale wale. Mara nyingine huombwa na mtu mwenye chuki ya shamba amtajie nani katika mtaa wake ana asili ya ng'ambo. Asitaje. Rejista ya ubatizo iliandikwa ili kushuhudia kwamba mtu ni wa Kristo, na haina safu ya kabila.

Baraza la wazee linaweza kuanza na kazi ndogo kabla ya mwaka wa jubilei kwisha: kuvitoa vitabu vyote vya mitaani, kuvinakili, kuviweka nakala Dayosisini, na kumwomba paroko jirani afanye vivyo hivyo kwa vyake, maana familia za walowezi mara nyingi zimegawanyika, baba akiwa Mkatoliki na mama Mlutheri, na ushahidi wa mtoto mmoja uko katika makabati mawili.